Kusubiri Kitenzi: Kijerumani cha Ngazi ya Kati na Swali la Bibi wa Ushetu



Mwaka jana katika likizo ya mwezi wa sita tulitumwa wawili kwenda kusaidia katika kigango kimoja cha Ushetu, huko nyumbani kwetu, Jimbo la Kahama. Ulikuwa wakati wa masoko ya tumbaku na watu walikuwa na shughuli nyingi mchana, hivyo tulikutana nao zaidi jioni. Siku moja baada ya sala ya jumuiya ndogo ndogo tulibaki uani kwa bibi mmoja mwenye umri mkubwa, tukimsaidia kumenya karanga. Akatuuliza tunasoma nini huko seminarini.

"Falsafa, bibi. Na lugha pia. Kilatini, Kiingereza, na sasa Kijerumani."

Bibi akaacha kumenya. "Kijerumani? Si ndiyo lugha ya hamsa ishirini?"

Kwa vijana wasiolijua neno hilo: hamsa ishirini ni viboko ishirini na vitano, adhabu iliyojulikana sana wakati wa utawala wa Wajerumani. Bibi mwenyewe hakuuona utawala huo. Alisimuliwa na baba yake. Babu yake alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi katika vita ya 1914 hadi 1918, hakurudi, wala hakuja mtu kuwaambia amezikwa wapi. Baada ya kutusimulia hayo alikaa kimya kidogo, kisha akauliza: "Na katika lugha yao, samahani husemwaje?"

Tukajibu haraka kama wanafunzi walioulizwa swali rahisi: "Entschuldigung, bibi."

Akajaribu kulitamka mara mbili, likamshinda, akacheka. "Neno refu namna hiyo kwa jambo dogo!" Halafu akasema, bila kucheka sasa: "Mkilijua vizuri mje mniambie."

Sisi tulidhani tunalijua. Ni neno la wiki ya kwanza darasani. Mwaka mzima wa kusoma Kijerumani cha ngazi ya kati umetuonyesha kwamba tulikuwa tunalitamka tu. Makala hii ni somo kwa wenzetu wanaojifunza lugha hii au wanaofikiria kuianza, na pia ni jibu letu kwa bibi.

1. Lugha hii inatuhusu nini?

Kabla ya kuingia katika sarufi, tukubali kwamba Kijerumani si kigeni kabisa kwetu. Neno "shule" tumelipata kwa "Schule". Neno "hela" limetoka kwa "Heller", sarafu ndogo iliyoletwa mwaka 1904, ambapo Heller 100 zilifanya rupia moja. Kabla ya hapo ilikuwapo tayari kodi ya nyumba, iliyowekwa kwa amri ya mwaka 1897. Watu walilazimika kutafuta fedha ya serikali ili kuilipa serikali hiyo hiyo. Sisi wa ukanda wa dhahabu tuna jambo jingine la kukumbuka: mwaka 1916, vita ikiwa imewabana, Wajerumani walitengeneza Tabora sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, na dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke, upande wa Singida. Mwezi wa tisa mwaka huo huo jeshi la Wabelgiji likaiteka Tabora.

Habari za miaka ile zimeandikwa kwa lugha gani? Wamisionari wa Afrika, tunaowaita White Fathers, waliofungua misheni ya Ushirombo mwaka 1891, waliandika shajara zao kwa Kifaransa. Lakini barua za serikali, hesabu za kodi na taarifa za maboma ziliandikwa kwa Kijerumani. Sehemu kubwa ya hati hizo imo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na mwaka 1997 UNESCO iliziingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Yaani habari za babu zetu zimehifadhiwa nchini mwetu, nasi tunazipita kwa sababu hatujui kuzisoma.

Sababu ya pili ni masomo yetu yenyewe. Kant, Hegel, Husserl na Heidegger waliandika kwa Kijerumani. Hata Papa Benedikto XVI alifundisha teolojia kwa lugha hii miaka mingi kabla ya kwenda Roma. Mwanafunzi wa falsafa anaweza kuwasoma wote kwa tafsiri, na wengi tunafanya hivyo. Ila mara kwa mara hukutana na mahali ambapo mfasiri mwenyewe anakiri kwamba neno limemshinda.

2. Ngazi ya kati ni ipi?

Mwaka 2001 Baraza la Ulaya lilitoa mfumo wa kupima ujuzi wa lugha kwa ngazi sita: A1, A2, B1, B2, C1 na C2. Ngazi ya kati inaanzia B1. Katika ngazi za A mtu anajitambulisha, anaomba maji, anauliza bei. Akifika B1 anatakiwa asimulie jambo lililotokea, atoe maoni yake, na aseme sababu. Ukitaka kuikumbuka ngazi hii kwa neno moja, chukua hilo la mwisho: sababu. Ndiyo maana vitabu vya B1 vimejaa maneno kama "weil" (kwa sababu), "dass" (kwamba), "obwohl" (ingawa) na "damit" (ili).

Wanaotaka cheti cha B1 cha Goethe-Institut hupimwa katika sehemu nne: kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza. Kila sehemu inahitaji alama 60 kwa 100, kwa hiyo hodari wa kusoma asiyezungumza hawezi kujificha.

Tuseme ukweli pia: hapa ndipo wengi huacha. Darasa letu lilianza na watu kumi na sita, sasa tumebaki tisa. Hakuna aliyefukuzwa. Katika A1 kila siku unarudi bwenini na kitu kipya. Jana hukujua kuhesabu, leo unajua. Katika B1 unasoma mwezi mzima na kujiona uko palepale. Mkulima wa mahindi anaijua hali hiyo: baada ya palizi ya kwanza shamba linakaa muda kama halibadiliki, na mvivu huenda zake wakati huo.

3. Somo la kwanza: subiri kitenzi

Kiswahili huweka karibu kila kitu ndani ya kitenzi. Tukisema "hawakutuambia", neno moja limebeba watendaji, ukanushi, wakati, watendewa na tendo lenyewe. Msikilizaji anapata habari zote kwa pigo moja. Kijerumani husambaza vitu hivyo katika sentensi nzima, na mara nyingi tendo lenyewe huja mwisho kabisa.

Chukua sentensi hii: "Der Bauer hat den Tabak gestern nach Kahama gebracht." Maana yake, mkulima alipeleka tumbaku Kahama jana. Kitenzi kisaidizi "hat" kiko nafasi ya pili, lakini tendo la kupeleka, "gebracht", limekaa mwisho. Sasa anza na kishazi huru kisha uunganishe kwa "dass": "Ich glaube, dass der Bauer den Tabak gestern nach Kahama gebracht hat." Hapa hata "hat" imeondoka mahali pake ikaenda mkiani. Kanuni ni hii: katika kishazi tegemezi, kitenzi kilichonyambuliwa kinakaa mwisho.

Mwalimu wetu hufanya zoezi moja ambalo tunalipendekeza kwa kila anayejifunza. Anasoma sentensi polepole, anasimama kabla ya neno la mwisho, kisha anatuuliza imesema nini. Siku moja alisoma: "Ich habe deinen Bruder gestern auf dem Markt..." Yaani: mimi, ndugu yako, jana, sokoni. Mmoja wetu akanyosha mkono upesi: "Alimwona!" Mwalimu akamalizia: "...geschlagen." Alimpiga. Ingeweza kweli kuwa "gesehen", alimwona, au "gesucht", alimtafuta. Maneno yote yaliyotangulia yangebaki yale yale.

Darasa lilicheka, lakini zoezi lile lilitugusa. Wengi wetu tuna tabia ya kujibu kabla mwenzetu hajamaliza. Tukisikia maneno matatu ya kwanza tunajua, au tunadhani tunajua, anakokwenda. Mithali 18:13 inalaumu jambo hilo waziwazi. Padre atakayeketi katika kiti cha kitubio, mzee wa kigango anayesuluhisha wanandoa, mama anayemsikiliza binti yake: wote wanahitaji subira hii. Tulipokumbuka uani kwa bibi tuliona aibu kidogo. Aliposema "lugha ya hamsa ishirini" tulikuwa tumeshaanza kutayarisha utetezi wa somo letu, na habari ya babu yake ilikuwa bado haijafika.

4. Somo la pili: vitenzi vinavyotengana

Kijerumani kina vitenzi vyenye kiambishi kinachoweza kutoka na kwenda mwisho wa sentensi. "Ankommen" ni kufika: "Der Bus kommt um sechs Uhr an", basi linafika saa kumi na mbili. "Anfangen" ni kuanza: "Die Messe fängt um sieben Uhr an", Misa inaanza saa moja. Angalieni pia saa: Wajerumani huhesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo sita yao ni kumi na mbili yetu. Kosa hilo limewahi kuwakosesha watu basi.

Hatari iko hapa: usipofika mwisho wa sentensi unaweza kupata kitenzi kingine kabisa. "Hören" ni kusikia, bali "aufhören" ni kukoma. "Der Regen hört auf" haina habari ya kusikia; inasema mvua inakatika. Katika kishazi tegemezi viwili hivyo huungana tena kuwa neno moja: "Ich warte, bis der Regen aufhört", nasubiri hadi mvua ikatike.

Kwa wanafalsafa, mfano mzuri ni "aufheben". Nyumbani kwa Mjerumani wa kawaida ni kuokota kitu kilichoanguka chini. Pia ni kuweka kitu akiba. Pia ni kufuta, kama kufuta sheria. Hegel alilipenda neno hili kwa sababu lina maana hizo zote pamoja: katika mwendo wa fikra, hatua ya zamani inafutwa, inahifadhiwa na kuinuliwa kwa wakati mmoja. Tulisoma jambo hilo katika historia ya falsafa kwa maelezo marefu na hatukulishika vizuri. Tulilielewa siku mwalimu wa lugha alipoangusha kalamu na kusema, "Wer hebt den Stift auf?" Nani ataokota kalamu?

5. Somo la tatu: tusiogope "der, die, das"

Wengi hutishwa na habari kwamba nomino za Kijerumani zimegawanyika katika makundi matatu. Kijiko ni "der Löffel", uma ni "die Gabel", kisu ni "das Messer". Vyote viko meza moja na kila kimoja kina kundi lake. Wanaotoka katika lugha zisizo na makundi hulalamika sana. Sisi tuna ngeli! Mtoto wa Ushetu anayezungumza Kisukuma, Kinyamwezi au Kisumbwa nyumbani na Kiswahili shuleni anapatanisha ngeli tangu akiwa mgongoni mwa mama yake. Hata mambo yanayoonekana kukosa mantiki tunayo. Wajerumani husema "das Mädchen", msichana katika kundi lisilo la kike, kwa sababu ya mwisho wa neno, "-chen". Sisi tunasema "kijana amefika", si "kijana kimefika", ingawa neno lina "ki-". Kila lugha ina mahali umbo na maana vinapogombana.

Ipo pia miisho inayosaidia. Nomino zenye "-ung", "-heit", "-keit" na "-schaft" ni za kundi la "die": die Hoffnung (tumaini), die Wahrheit (ukweli), die Dankbarkeit (shukrani), die Freundschaft (urafiki). Shikeni huo mwisho wa "-ung", tutauhitaji baadaye.

Jambo gumu zaidi ni mahali. "Die Frau geht in die Kirche": mama anakwenda kanisani. "Die Frau betet in der Kirche": mama anasali kanisani. Kiswahili kinasema "kanisani" mara zote mbili na kukiachia kitenzi kazi ya kueleza. Kijerumani hubadilisha "die" kuwa "der" pale ambapo hakuna mwendo wa kuelekea. Ukijiuliza "Wohin?", kwenda wapi, tumia umbo la kwanza. Ukijiuliza "Wo?", yuko wapi, tumia la pili. Vihusishi vya namna hiyo ni tisa: an, auf, hinter, in, neben, über, unter, vor, zwischen. Tumeviimba kwa sauti ya litania hadi vimekaa kichwani.

6. Somo la nne: lazima, ruhusa na wajibu

Tulimpokea mgeni kutoka Ujerumani katika kanisa moja siku ya ibada. Alianza kupiga picha wakati watu wanasali. Mwenzetu akamfuata kwa heshima akamwambia, "Sie müssen hier nicht fotografieren." Mgeni akatabasamu, akashukuru, akaendelea kupiga picha.

Kosa lilikuwa letu. Tumesoma Kiingereza kwanza, tukafikiri "müssen" hufanya kazi kama mwenzake wa Kiingereza. "Nicht müssen" maana yake si lazima. Mgeni alisikia: si lazima upige picha hapa, usijisumbue. Katazo ni "nicht dürfen": "Sie dürfen hier nicht fotografieren", huruhusiwi kupiga picha hapa. Kiswahili kinatofautisha vizuri "si lazima" na "hairuhusiwi". Tungefikiri kwa Kiswahili tusingekosea.

Kitenzi cha tatu ni "sollen", yapasa. "Müssen" ni ulazima ulio katika mambo yenyewe: mwenye njaa lazima ale. "Sollen" huonyesha mapenzi ya mwingine, au sheria, inayonitaka nitende ingawa naweza kukataa. Amri za Mungu kwa Kijerumani hutumia "sollen". Kant naye, katika kitabu chake cha mwaka 1785 kuhusu misingi ya maadili, anaeleza kwamba amri zote hutamkwa kwa "sollen". Jiwe linaloanguka linafuata ulazima na halina "sollen". Binadamu anaambiwa yampasayo kwa sababu ni huru. Tofauti hiyo ndogo ya sarufi imebeba nusu ya somo letu la maadili.

7. Somo la tano: neno la bibi

Sasa turudi kwa "Entschuldigung". Katika A1 tulilitumia kama kitambulisho cha kupita njia: ukitaka kumpita mtu mlangoni, unalisema. Katika B1 tulianza kufungua maneno kama tunavyomenya karanga.

Ndani yake mna "Schuld". Neno hili lina maana mbili ambazo Kiswahili huzitenga: hatia na deni. Likiwa katika wingi, "Schulden", ni madeni ya fedha. Katika Sala ya Bwana, pale sisi Wakatoliki tunaposema "makosa", Wajerumani husema "Schuld". Biblia nyingi za Kiswahili katika Mathayo 6:12 zimeandika "deni". Lugha yao imeziweka maana zote mbili chini ya paa moja: aliyekosa anadaiwa.

Mbele yake kuna "ent-", kiambishi cha kuondoa. Mwisho kuna "-ung", inayogeuza tendo kuwa nomino. Kwa hiyo "Entschuldigung" ni kuondolewa hatia, au kutuliwa deni. Watu wengi husema kwa kifupi "Ich entschuldige mich", ambayo ukiifungua neno kwa neno ni: najiondolea hatia. Waangalifu wa lugha huona kuna kasoro hapo, maana mdaiwa hawezi kujifutia deni lake. Wao hupendelea "Ich bitte um Entschuldigung": naomba niondolewe hatia. Kitenzi ni kuomba. Aliyekosewa ndiye mwenye uamuzi. Sisi tunaojiandaa kwa huduma ya Sakramenti ya Kitubio hatuna budi kulishika jambo hilo. Hakuna anayejiondolea dhambi mwenyewe.

Bibi alikuwa na swali la kweli ndani ya swali lake. Je, lugha iliyotoa amri ya viboko inaweza kuomba msamaha? Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, kwenye kumbukumbu ya mashujaa wa Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, na kwa lugha hiyo hiyo akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu zetu. Maneno hayo hayamrudishi babu wa bibi. Wala hayafungi mjadala wa madeni yaliyobaki, kwa mfano mabaki ya watu wetu yaliyopelekwa Ulaya. Lakini yalisemwa, na anayejua lugha anaweza kuyapima mwenyewe.

Tukumbuke pia Mtakatifu Teresa Benedikta wa Msalaba, Edith Stein. Alizaliwa mwaka 1891, mwaka ule ule Ushirombo ilipofunguliwa. Alisoma falsafa kwa Husserl, na mwaka 1916, Tabora ikiwa vitani, yeye alitetea tasnifu yake huko Freiburg. Mada yake ilikuwa "Einfühlung", yaani namna mtu anavyoweza kuingia katika hisia za mwenzake. Mwaka 1942 aliuawa Auschwitz na serikali iliyotoa amri zake kwa Kijerumani, lugha aliyoiandikia kitabu hicho. Lugha ile ile ilibeba amri ya kuua na uchunguzi wa kina juu ya huruma. Dhambi ni ya watu wanaoitumia vibaya.

8. Tunasomaje?

Kwa anayetaka kuvuka ngazi ya kati, haya ndiyo yaliyotusaidia:

Kwanza, kila siku tunaandika sentensi tano za shajara, na angalau mbili ziwe na "weil" au "dass". Mfano: "Ich bin müde, weil wir im Garten gearbeitet haben." Nimechoka kwa sababu tumefanya kazi bustanini.

Pili, hatuandiki nomino bila "der", "die" au "das" na wingi wake. Neno lililoandikwa peke yake hutuletea kazi mara mbili.

Tatu, tunasoma kwa sauti. Mwenye aibu asome akiwa anafyeka.

Nne, tunasikiliza. Wengi mnaijua Deutsche Welle kwa matangazo yake ya Kiswahili yaliyoanza mwaka 1963. Shirika hilo hilo linatoa masomo ya Kijerumani bila malipo kwenye intaneti, kuanzia A1 hadi B1.

Tano, tunasoma pamoja. Wale saba walioacha, wengi wao walikuwa wanasoma peke yao. Hilo tunalisema kwa masikitiko, kwa sababu tungeweza kuwaita.

9. Jibu kwa bibi

Likizo ya mwaka huu tulirudi Ushetu. Bibi alitutambua. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani tulimweleza kama tulivyoeleza hapa: kuna deni ndani ya neno, kuna kuondoa mbele yake, na mwenye kusema hawezi kujiondolea, anamwomba aliyekosewa. Safari hii hatukuharakisha. Alitusikiliza hadi mwisho.

"Basi ndiyo maana ni refu," alisema.

Kisha akatuuliza kama katika hizo karatasi za Dar es Salaam kuna majina ya waliobebeshwa mizigo. Tukamwambia tutakapoweza kusoma vizuri tutakwenda kutafuta. Hiyo ni ahadi, na ahadi ni deni. Ndiyo sababu sisi tisa tunaendelea na darasa.

Mazoezi

a) Unganisha kwa "weil": Wir bleiben zu Hause. Es regnet.

b) Unganisha kwa "dass": Ich weiß. Der Pater kommt morgen an.

c) Jaza "müssen" au "dürfen": Kengele ya ukimya imelia. "Wir ... jetzt nicht sprechen." Leo hakuna darasa. "Wir ... heute nicht lernen."

d) Jaza "die" au "der": Das Kind geht in ... Schule. Das Kind schläft in ... Schule.

Majibu: a) Wir bleiben zu Hause, weil es regnet. b) Ich weiß, dass der Pater morgen ankommt. c) dürfen, müssen. d) die, der.

Swali la kujadili katika jumuiya: Mara ya mwisho ulipomwomba mtu samahani, ulimwomba kweli, au ulijiondolea hatia mwenyewe ukapita?